Nambari ya Till Si Leseni: Sajili Nyumba Yako ya Wageni

Msimu wa Desemba huanzia kwenye simu, wiki nyingi kabla ya basi la kwanza kuondoka Nairobi. Kufikia Oktoba watu wameshaanza kutafuta nyumba Diani, Watamu, Kilifi na Nyali. Wengine wanataka Naivasha au Nanyuki ili wasiende mbali. Picha zinapita kwenye WhatsApp, bei inapatanwa, halafu unakuja ule ujumbe sote tunaoujua: "Tuma nusu nikushikie nyumba." Mgeni anabonyeza, pesa inaenda, na kutoka hapo hadi siku ya kufunguliwa mlango hana kitu mkononi isipokuwa meseji ya malipo.

Sisi kazi yetu ni kupitisha hizo pesa. Kwa hivyo pengine ungetarajia tukuambie tu, lipa kwa till na utakuwa salama. Hiyo ni nusu ya ukweli. Maoni yangu ni haya: nyumba yoyote inayopokea wageni kwa malipo inafaa kusajiliwa, hata ikiwa ni chumba kimoja, na pesa zake ziingie kwa jina lile lile lililo kwenye leseni. Bila usajili, hatari yote anaachiwa yule aliyetuma pesa kwanza. Na serikali, ikiwa kweli inataka watu wasajiliwe, iache kuwazungusha.

Till inasema nini, na haisemi nini

Kuna wenyeji wanaoamini kwamba wakishapata till, biashara yao imetambuliwa. Na kuna wageni wanaoamini kwamba wakiona jina la biashara kwenye simu kabla ya kuweka PIN, basi nyumba imekaguliwa na mtu mahali fulani. Wote wanakosea, na ni vizuri kampuni ya malipo iliseme hili yenyewe.

Ukifungua till au Paybill, unaulizwa kitambulisho, nambari ya simu na, kulingana na aina ya akaunti, cheti cha usajili wa biashara na PIN ya KRA. Baada ya hapo tunajua mtu huyu yupo na pesa zinaingia kwake. Nyumba yako hatujafika. Hatujui kama mtungi wa gesi uko jikoni au kando ya kitanda. Hatujui kama ngazi ina taa, kama mlango wa dharura umefungwa kwa mnyororo, au kama hiyo nyumba ni yako kweli. Fundi wa viatu ana till. Mama mboga ana till. Mtu anayekodisha villa ya vyumba vinne ana till kama hizo hizo. Till inaonyesha pesa zimeenda kwa nani. Haionyeshi huyo mtu ameruhusiwa kufanya biashara gani.

Programu za kutafutia nyumba ni vivyo hivyo. Airbnb na wenzake wana ukaguzi wao, lakini kuweka nyumba yako huko si leseni ya Kenya. Masharti yao yanamwachia mwenyeji jukumu la kufuata sheria za mahali alipo. Nyota tano za wageni waliopita ni kitu kizuri, lakini ofisa wa kaunti akibisha hodi, nyota huwezi kumwonyesha.

Sheria iko, na si ya hoteli kubwa peke yake

Wengi husikia neno "leseni ya utalii" wakafikiria hoteli ya ufuoni yenye vyumba mia mbili. Sheria ya Utalii ya 2011, ambayo ndiyo iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, yaani TRA, haisemi hivyo. Orodha yake ya biashara zinazohitaji leseni inataja hoteli, ndiyo, lakini inataja pia villa, nyumba ndogo za likizo, familia zinazopokea wageni kwao na fleti zenye huduma. Kile tunachokiita BnB mtaani kiko ndani ya hiyo orodha, hata kama jina lenyewe ni la juzi.

Sheria ya kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya 2013 nayo imechora mstari ambao wengi hawaujui. Kodi ya nyumba ya kuishi haitozwi VAT. Lakini sheria inapoeleza maana ya nyumba ya kuishi, inaondoa hoteli na malazi ya likizo. Maana yake ni kwamba nyumba inaweza kuwa ile ile, na kuta zile zile, lakini siku unapoacha kumpangisha mtu kwa mwezi na kuanza kupokea wageni wa siku mbili mbili, umehama. Umetoka kwa makazi ukaingia kwa biashara ya malazi. Wajibu wa kujisajili kwa VAT huanza mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, kwa hivyo mwenye chumba kimoja au viwili mara nyingi hafiki huko. Bado ni muhimu kujua kwamba machoni pa sheria wewe si landilodi tena. Wewe ni mfanyabiashara wa wageni.

Kwa ufupi, mwenye nyumba ya wageni ana mambo haya ya kushughulikia:

- Jina la biashara, linalosajiliwa kupitia eCitizen, au jina lako mwenyewe kama unafanya kazi peke yako.
- Leseni ya TRA.
- Leseni ya biashara ya kaunti ambako nyumba iko, pamoja na mambo ya usalama wa moto na afya yanayoambatana nayo.
- PIN ya KRA na kutangaza pato lako. Mwambie mhasibu wako au ofisa wa KRA wazi kwamba unakodisha kwa siku, si kwa mwezi, ili akuweke kwenye fungu sawasawa.
- Tozo ya utalii ya asilimia 2 ya mauzo, inayokusanywa na Tourism Fund.
- Usajili kwa Kamishna wa Kulinda Data, kwa sababu unachukua nakala za vitambulisho vya watu. Biashara za kupokea wageni ziko kwenye orodha ya zile zinazopaswa kujisajili hata zikiwa ndogo.

Na kabla ya hayo yote, kama nyumba umepanga kwa mtu, pata ruhusa yake kwa maandishi. Watu wengi Kilimani na Roysambu wanakodi fleti kwa mwezi, wanaweka kochi na televisheni, halafu wanaikodisha kwa siku. Landilodi akigundua, au kamati ya wakazi wa jengo ikikataa, biashara inakufa na mgeni aliyelipia wikendi ijayo anapata habari akiwa getini na mabegi. Leseni haiwezi kuponya nyumba ambayo hukuruhusiwa kuitumia hivyo.

Nani anabeba hatari?

Mwezi wa Januari 2024, wanawake wawili waliuawa kwa nyakati tofauti katika nyumba za kukodisha za muda mfupi jijini Nairobi. Tarehe 27 mwezi huo watu waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. TRA nayo ilitoa tangazo ikiwataka wenye nyumba za aina hiyo wajisajili. Kwa wengi ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba usajili ulihitajika.

Wacha tuseme ukweli hapa. Leseni haimzuii mtu mbaya kuingia mlangoni. Karatasi ukutani haijawahi kumkinga mtu na kisu, na anayewaambia wanawake wa nchi hii kwamba leseni ndiyo dawa anawadanganya. Kitu ambacho usajili unaweza kufanya ni kidogo kuliko hicho, ila kina uzito wake. Unahakikisha kuna mwenyeji anayejulikana kwa jina na nambari. Mtu mmoja anawajibika kujua nani ameingia, kwa kitambulisho gani, na nani mwenye funguo ya pili. Kukitokea jambo, swali la "hii nyumba ni ya nani?" lisichukue siku tatu kujibiwa.

Mahali pengi leo swali hilo halina jibu la haraka. Mwenye nyumba yuko ng'ambo, amempa shemeji aisimamie. Shemeji ameikabidhi kwa kijana anayesimamia nyumba kumi na mbili. Funguo iko kwa soja, na mgeni anatumiwa msimbo wa mlango kwa simu bila kuonana na mtu. Hiyo ni raha ya biashara ya kisasa, sikatai. Lakini katika mnyororo mrefu namna hiyo kila mmoja anaweza kusema, "Mimi nilikuwa naletewa tu wageni."

Hatari ya pili ni ya pesa, na hii tunaiona sisi karibu. Ujanja ni ule ule kila msimu. Mtu anachukua picha za nyumba halisi, nzuri, yenye bwawa. Anaiweka kwenye ukurasa wa Facebook kwa bei ya chini kidogo kuliko ya soko, isije ikawa rahisi sana ukashtuka. Anaomba dipoziti ya asilimia 50 kwa laini ya kibinafsi. Ukiuliza kwa nini jina la laini si la yule unayeongea naye, anakuambia ni la mke wake, au la mhasibu, au till ina shida leo. Ukifika Diani na familia, soja anakwambia hapa hakukodishwi, na mwenyewe hajawahi kusikia jina lako.

Ukitupigia saa hiyo, tunachoweza kufanya ni kidogo. Pesa iliyotumwa kimakosa, kama bado iko kwenye akaunti iliyoipokea, inaweza kuombewa kurudishwa. Pesa uliyoituma kwa hiari yako wiki tatu zilizopita, na mpokeaji akaitoa kwa wakala dakika kumi baadaye, imeenda. Utaandikisha taarifa polisi, sisi tutatoa kumbukumbu kwa wanaoruhusiwa kuziomba, lakini usiku huo utahitaji mahali pa kulala.

Hatari ya tatu haiongelewi sana. Mgeni anatuma picha ya kitambulisho chake, mbele na nyuma, kwa WhatsApp ya mtu asiyemjua. Nambari ya simu tayari mwenyeji anayo, kwa sababu ndiyo iliyolipa. Jina kamili, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya simu ndivyo vitu tapeli anavyovitafuta ili aende kujifanya wewe na kuomba laini yako ibadilishwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayechukua taarifa hizi azitunze, azitumie kwa sababu aliyoziombea tu, na asizishike milele. Mwenyeji aliyesajiliwa ana mtu wa kumuuliza maswali. Asiyesajiliwa ana simu yenye picha mia tatu za vitambulisho vya watu, na simu inaweza kuibiwa kwenye matatu.

Mwenyeji naye anapoteza

Usidhani nazungumza upande wa mgeni tu. Mwenyeji aliyejificha ana hasara zake, na zingine zinamuuma kila mwezi bila yeye kujua.

Mgeni akivunja televisheni akaondoka, unamshtaki wapi, ukiwa na biashara ambayo kwenye karatasi haipo? Wageni wakifanya uhalifu ndani ya nyumba yako, polisi watakuja na maswali mawili badala ya moja: walifanya nini, na wewe ulikuwa ukifanya nini. Jirani akichoka na kelele akapiga simu kwa kaunti, utalipa faini ambayo ingekulipia leseni.

Halafu kuna wateja ambao huwapati kabisa. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyokuwa na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguzwa kwenye hesabu ya kodi. Kwa hivyo kampuni inayomtuma mhandisi Kisumu kwa wiki mbili, au shirika linaloleta wakufunzi Nakuru, litauliza kabla ya kuuliza bei: "Mnatoa risiti ya eTIMS?" Ukisema hapana, wanaenda kwingine. Na hao ndio wageni wanaolala Jumatatu hadi Alhamisi, siku ambazo nyumba yako iko tupu. Kwa mfanyabiashara mdogo eTIMS haihitaji kompyuta. Inapatikana hata kwa kubonyeza *222# kwenye simu ya kawaida.

Tufanye hesabu kidogo kwa mfano. Tuseme una nyumba ya chumba kimoja Ukunda, unaikodisha shilingi 4,500 kwa usiku, na kwa mwezi inalaliwa siku 12. Mauzo ni shilingi 54,000 kwa mwezi, au 648,000 kwa mwaka. Uko mbali sana na milioni 5 za VAT. Tozo ya utalii ya asilimia 2 ni shilingi 1,080 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 12, ni shilingi 90 kwa usiku. Juu ya hiyo weka ada za leseni, ambazo unazilipa kwa mwaka, na kodi ya pato lako. Si bure, na sitakudanganya kwamba ni bure. Lakini kampuni moja tu ikikuletea mtu wa siku nne kwa mwezi, umeingiza shilingi 18,000 ambazo hukuwa unaziona.

Sababu zinazotolewa

"Mimi nina chumba kimoja tu, wacha wakashike wakubwa." Naelewa. Lakini mgeni anayelala kwenye chumba chako kimoja analala usingizi sawa na wa hotelini, na gesi ikivuja inavuja sawa. Udogo wa biashara ni sababu nzuri ya kutozwa kidogo. Haiwezi kuwa sababu ya kutojulikana.

"Nikijisajili KRA watanimaliza." Hapa nitasema kitu ambacho si kitamu. Kama unalipwa kwa simu, kumbukumbu iko. Kulipwa kwa laini ya kibinafsi hakufichi biashara, kunaichanganya tu na pesa za chama, karo za watoto na mchango wa harusi ya binamu. Siku utakapohitaji kueleza pato lako, hata wewe mwenyewe hutajua lipi lilikuwa la nyumba. Till tofauti, kwa jina la biashara, inakupa daftari lisiloandikwa kwa mkono. Linakusaidia kwa kodi, na linakusaidia pia ukitaka mkopo wa kununua kitanda cha pili.

"Maofisa wanataka kitu kidogo." Hili ni lalamiko la kweli, na mtu asilipuuze. Dawa yake ni risiti. Mwaka wa 2023 malipo ya huduma za serikali kuu yalielekezwa kwenye Paybill moja ya eCitizen, 222222. Mtu akikuambia utume ada ya leseni ya serikali kuu kwa laini yake ndiyo "aiharakishe", huyo hakusajili, anakula. Kwa leseni ya kaunti, tumia nambari iliyo kwenye ankara ya kaunti yenyewe, usitumie ile uliyopewa kwa mdomo.

"Wageni wangu ni marafiki wa marafiki." Kama hawalipi, karibu, hao ni wageni wako na sheria haina neno nao. Kama wanalipa, ni wateja.

Serikali nayo ipunguze madirisha

Sasa upande wa pili, kwa sababu haitakuwa haki kumsukuma mwenyeji peke yake.

Rudi uisome ile orodha niliyoiweka juu. Mama aliyestaafu ualimu Malindi, anayetaka kukodisha vyumba viwili vya nyuma ili alipe bili ya umeme, anatakiwa azungumze na ofisi tano au sita. Kila moja ina fomu yake, tarehe yake na nenosiri lake. Wengi wanaokwepa si wahalifu. Wamechungulia hiyo safari wakaona haiishi, wakarudi kwenye laini ya kibinafsi.

Ile Paybill moja inaonyesha kwamba kuunganisha kunawezekana. Kama malipo ya maelfu ya huduma yaliweza kuingia kwa nambari moja, fomu za mwenye vyumba viwili zinaweza kuingia kwa ukurasa mmoja. Kaunti ya Nairobi ilishafanya kitu cha namna hiyo ilipounganisha leseni za biashara, moto, afya na matangazo kuwa leseni moja. TRA, Tourism Fund, KRA na kaunti zinaweza kufanya hivyo kwa nyumba ndogo za wageni: fomu moja, malipo mara moja kwa mwaka, ukaguzi mmoja badala ya minne.

Jambo la pili ningeomba ni ngazi ya wadogo. Mwenye chumba kimoja asitakiwe vitu vya hoteli. Atakiwe vitu vinavyookoa maisha: kizima moto kinachofanya kazi, mtungi wa gesi mahali salama, mlango wa kutokea, taa za nje, nambari ya mtu anayepokea simu usiku wa manane, na daftari la wageni. Hayo mtu anaweza kuyatimiza kwa wikendi moja na fundi mmoja.

La tatu, na hili linatuhusu sisi wa malipo moja kwa moja: mgeni aweze kuhakikisha nambari ya leseni kwa simu kabla ya kutuma pesa. Abonyeze msimbo, aandike nambari ya leseni, aone jina la biashara na kaunti iliko. Jina likilingana na la till, atume. Lisipolingana, ashike pesa zake. New York walienda mbali zaidi: tangu Septemba 2023, programu za kukodisha nyumba haziruhusiwi kupitisha malipo ya nyumba ambayo haijasajiliwa na jiji. Sisemi tuige hilo kesho. Ukizuia malipo wakati usajili wenyewe bado ni mgumu, utawarudisha watu kwenye pesa taslimu, na taslimu haiachi alama yoyote ya kumsaidia mgeni. Kwanza urahisishe mlango, halafu ndio uulize kwa nini watu hawajaingia.

Kabla hujatuma dipoziti

Wewe mgeni, usingoje hayo yote yatimie. Leo hii unaweza kufanya haya:

- Uliza nambari ya leseni ya TRA au ya kaunti, na jina lililo juu yake. Mwenyeji mzuri atakutumia picha. Anayekasirika kwa kuulizwa amekujibu.
- Lipa kwa till au Paybill ya biashara, usilipe laini ya kibinafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na ulilinganishe na la leseni.
- Omba muonane kwa video nyumba ikiwa wazi, aanzie getini hadi chumbani. Picha zinaibwa. Kutembea na simu moja kwa moja ndani ya nyumba ya mtu ni vigumu kuigiza.
- Patana dipoziti ndogo, na uandikiwe masharti ya kurudishiwa pesa. Meseji inatosha, bora itaje tarehe, bei na jina la nyumba.
- Kama umempata mwenyeji kupitia programu, lipia ndani ya programu. Anayekuvuta mlipane pembeni "ili kupunguza makato" anakutoa kwenye ulinzi uliokuwa nao.
- Ukituma kitambulisho, andika juu ya picha kwamba ni cha kulala nyumba fulani, tarehe fulani. Picha yenye maandishi hayo inamsumbua anayetaka kuitumia kwingine.
- Mpe mtu wako wa karibu anwani, nambari ya mwenyeji na siku ya kurudi.

Na hakuna mwenyeji, ofisa wa leseni wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako. Akiiomba, kata simu.

Jina moja, mahali pawili

Kwa mwenyeji ninayezungumza naye leo, ningeanza na kitu kimoja wiki hii: chagua jina la biashara, halafu uhakikishe jina hilo hilo ndilo liko kwenye ombi lako la leseni na kwenye till yako. Mengine yatafuata hatua kwa hatua, na Desemba bado inakuja kila mwaka.

Mgeni anapokutumia shilingi 9,000 kutoka Eldoret kwa nyumba ya Watamu ambayo hajawahi kuiona, amekuamini kuliko benki ingekuamini. Hajakuuliza hati ya shamba wala mdhamini. Jambo dogo la kumrudishia ni ajue jina lako, na ajue kwamba si yeye peke yake anayelijua.